Jua hutoboa, mvua huingia: sayansi ya kuziba paa la bati mwenyewe

Mvua za masika zikianza, kuna nyumba ambazo kila mtu anajua zamu yake: nani anasogeza godoro, nani analeta beseni, nani anahamisha redio. Kukicha anaitwa fundi. Anapanda na kopo la lami, anapaka pale palipoonekana, analipwa hela yake, anashuka. Mwaka unaofuata maji yanadondoka palepale, au nusu mita pembeni. Fundi anaitwa tena.

Ukilitazama jambo hili kisayansi, linashangaza kidogo. Lami haipitishi maji. Bati halipitishi maji. Sasa maji yanapita wapi?

Makala hii inajibu swali hilo, halafu inakuonyesha namna ya kuziba paa la nyumba ndogo wewe mwenyewe, kwa kiraka ambacho hutalazimika kukirudia kila mwaka. Nitazungumzia paa la bati, kwa sababu ndilo lililoezeka nyumba nyingi za Tanzania, kuanzia chumba na sebule cha uswahilini hadi nyumba mpya za paa la kuficha. Ukitaka jibu kwa sentensi moja, ni hili: mara nyingi paa hutobolewa na jua, mvua inakuja baadaye kutuonyesha palipotoboka. Ukilielewa hilo utajua kwa nini viraka vingine hudumu na vingine huachia.

Makuti yamejaa matundu, mbona hayavuji?

Kabla ya bati, tutazame kwanza paa la makuti. Ukisimama ndani mchana ukaangalia juu, unaona vijitundu vya mwanga huku na huku. Hakuna gundi, hakuna lami, hakuna silikoni. Na bado, likiwa limeezekwa vizuri, mvua kubwa ya pwani inapiga na waliomo ndani hawalowi.

Siri ni mbili. Ya kwanza ni mwinuko. Paa la makuti husimama kweli, kwa hiyo tone likitua linakimbilia chini kabla halijapata muda wa kupenya. Ya pili ni mpishano. Kila kuti limelaliwa na lililo juu yake, kama magamba ya samaki. Tone likipita tabaka la kwanza linaangukia la pili, kisha la tatu, hadi linatokea ukingoni.

Kumbe kazi ya kwanza ya paa ni kuondoa maji haraka. Kuyazuia ni kazi ya pili. Piga hesabu kidogo: mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita 1 kamili. Paa la mita 4 kwa 7 lina mita za mraba 28. Mvua ya milimita 50 kwa siku, ambayo Dar es Salaam si ajabu wakati wa masika, inamwaga juu yake lita 1,400. Hizo ni ndoo 70 za lita 20. Karibu zote zinapaswa kuteremka zenyewe. Gundi utakayopaka inashughulika na yale machache yaliyokataa kuteremka. Ukiona mtu anataka gundi ifanye kazi ya mwinuko, jua hela zake zinaelekea kupotea.

Bati linatembea

Wazo la kukunja bati mawimbi lilipewa hataza London mwaka 1829, kwa jina la mhandisi Henry Robinson Palmer. Mikunjo ile hulipa bati jembamba nguvu ya kubeba uzito bila kubonyea. Mwaka 1837, Stanislas Sorel wa Ufaransa akapata hataza ya kukifunika chuma kwa zinki ili kisishike kutu. Ukiunganisha mawazo hayo mawili unapata bati lililo juu ya kichwa chako.

Tatizo ni kwamba chuma hutanuka kikipata joto. Kila mita moja ya chuma huongezeka takriban milimita 0.012 kwa kila nyuzi moja ya joto. Chukua bati la mita 3. Alfajiri lina nyuzi 20. Saa saba mchana, jua likiwa kali, linaweza kufika nyuzi 60, ndiyo maana huwezi kulishika. Tofauti ni nyuzi 40:

3 × 0.012 × 40 = milimita 1.44

Karibu milimita moja na nusu. Unaweza kusema, ah, kitu gani hicho? Lakini bati hilo limepigiliwa misumari, na msumari umeshikwa na papi. Mbao haitanuki kama chuma. Kwa hiyo mchana bati linausukuma msumari upande mmoja, usiku linauvuta upande wa pili. Ni kila siku ya Mungu, na katika miaka 10 ni zaidi ya mara 3,600. Siku ambayo mvua inalikuta bati likiwa la moto ndiyo mbaya zaidi, maana safari nzima ya kusinyaa inafanyika ndani ya dakika chache. Ile milio ya "ta! ta!" unayoisikia darini jua linapotoka au linapozama ni bati likisogea kwenye misumari yake.

Baada ya miaka, tundu la msumari lililokuwa duara linakuwa refu kama tundu la kifungo. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari, ambao nao umepigwa na miale ya urujuanimno muda wote huo, umekauka na kupasuka. Mbao nayo inavimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, kwa hiyo msumari unajing'oa kidogo kidogo. Paa halijaoza, bati bado zuri, lakini una misumari mia mbili yenye tundu pembeni.

Sasa rudi kwenye kile kiraka. Tuseme ufa ni wa milimita 1, na mchana unapanuka hadi milimita 2. Chochote kilichojaza ufa huo kinatakiwa kivutike hadi mara mbili ya upana wake, kisha kirudi, kesho tena. Saruji haiwezi kuvutika hata asilimia moja bila kupasuka. Lami inaweza ikiwa changa, ila jua na hewa huifanya iwe ngumu, na ikishakuwa ngumu inakatika kama kashata. Maji ya msimu unaofuata yanapita kwenye ufa wa lami yenyewe.

Saruji ina kosa la pili. Ikiwa mbichi ni alkali kali, pH yake hufika 12 na zaidi, na alkali ya namna hiyo hula zinki na aluminiamu. Ukiipaka juu ya bati ili kulinda, unakuwa umelivua nguo.

Maji yanayopanda mlima

Kuna uvujaji mwingine unaowachanganya hata mafundi: hakuna tundu, misumari imekaza, lakini maji yanaingia. Hapa mtuhumiwa ni mpishano, mahali bati la juu linapolala juu ya bati la chini.

Fanya jaribio nyumbani. Chukua vipande viwili vidogo vya kioo, vibane pamoja, kisha chovya ncha kwenye sahani ya maji yenye rangi. Maji yatapanda kati ya vioo, juu kuliko usawa wa sahani. Huu ni ukapilari. Maji hupenda kung'ang'ania kioo, au bati, na mvutano wa uso wake huyavuta yafuate. Nafasi ikiwa nyembamba zaidi, maji hupanda juu zaidi. Kwa vipande viwili bapa, kimo kwa milimita ni takriban 15 gawanya kwa upana wa nafasi kwa milimita. Nafasi ya milimita 0.5 inapandisha maji milimita 30.

Milimita 30 kwenda juu wima. Lakini bati limelala, na kwenye mlima uliolala, kupanda kidogo ni kusafiri mbali. Kwa nafasi hiyohiyo ya nusu milimita, maji yanaweza kurudi nyuma ndani ya mpishano umbali huu:

- mwinuko wa nyuzi 30: sentimita 6
- mwinuko wa nyuzi 15: sentimita 12
- mwinuko wa nyuzi 10: sentimita 17
- mwinuko wa nyuzi 5: sentimita 34

Hivi ni viwango vya juu kabisa, kwa bati linalolowana vizuri na ukingo uliojaa maji. Lakini angalia somo lake. Mpishano wa sentimita 15 unatosha kabisa kwenye paa la nyuzi 15. Mpishano uleule kwenye paa la nyuzi 5 unaweza kuvuja bila kuwa na tundu hata moja. Ndiyo maana nyumba za paa la kuficha, ambazo paa lake hulazwa chini sana ili lisionekane nyuma ya ukuta, zinadai umakini kuliko zile za mtindo wa zamani. Uzuri wa mbele unalipiwa kwenye mwinuko.

Upepo unaongeza chumvi. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, una msukumo wa kuinua maji milimita 24 nyingine. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "hapa huvuja tu mvua ikija na upepo wa kusini," usimcheke. Amekupa taarifa muhimu: tafuta mpishano unaotazama kusini.

Na kuna jambo dogo la kuvutia. Bati jipya mara nyingi huwa na utelezi wa mafuta ya kiwandani, na maji hayaling'ang'anii sana. Likizeeka, likashika vumbi na kutu nyepesi, linalowana vizuri zaidi na ukapilari unapata nguvu. Paa linaweza kuanza kuvuja kwenye mpishano baada ya miaka kadhaa, ingawa hakuna aliyeligusa.

Kutu, na mlinzi anayekufa kwanza

Zinki juu ya bati inafanya zaidi ya kufunika. Zinki na chuma zikilowa pamoja zinakuwa kama betri ndogo, na katika betri hiyo zinki ndiyo inayoliwa. Chuma kinabaki salama hata pakiwa na mkwaruzo mdogo. Lakini mlinzi huyo ana idadi yake. Zinki ikiisha mahali fulani, kutu inaanza, na pwani kazi huenda haraka kwa sababu chumvi ya bahari hurahisisha umeme wa betri hiyo. Majani ya mwembe yaliyolala kwenye paa nayo huhifadhi unyevu wiki nzima baada ya mvua kukatika. Kufagia paa mara mbili kwa mwaka ni dawa ya bure.

Mabati mengi ya sasa yana mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55, zinki asilimia 43 na ushee, na silikoni kidogo. Yanadumu kuliko ya zinki tupu, lakini yanachukia saruji vilevile.

Ukienda dukani kununua bati la kubadilisha, kumbuka namba ya geji inakwenda kinyume: geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Bati jembamba linabonyea ukilikanyaga, na penye bonde maji hutuama.

Si kila tone ni tundu

Kabla hujapanda popote, jiulize: huwa linadondosha hata siku ambayo mvua haikunyesha? Katika sehemu za baridi kama Njombe, Makete au Mbeya, usiku wenye anga safi bati hupoa hata kuliko hewa inayolizunguka. Mvuke wa pumzi za watu na wa jikoni ukipanda, unageuka matone chini ya bati, sawasawa na chupa ya soda ya baridi inavyotoka jasho. Asubuhi matone yanadondoka. Hapo hata ukipaka kopo kumi utapoteza hela. Dawa ni hewa: matundu ya kupitisha upepo chini ya paa, na moshi wa jikoni upate njia ya kutoka.

Kulitafuta tundu lenyewe

Doa kwenye silingi bodi linakuambia maji yalipomalizia safari. Pa kuanzia ni kwingine. Maji yakiingia hutambaa chini ya bati, yanafuata papi, yanateremka kwenye kenchi, kisha yanaangukia silingi na kutafuta pa chini. Kwa hiyo mwanzo wa safari uko upande wa juu wa mteremko, pengine mita moja au mbili kutoka kwenye doa.

Njia mbili za kuutafuta:

Mwanga. Mchana wa jua, ingia darini, zima tochi, subiri macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Pitisha kipande cha waya ili ulione ukiwa juu. Tundu la mpishano halitaonekana kwa njia hii, maana mwanga haujui kupinda kama maji.

Maji. Mtu mmoja ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji. Anza kumwagia chini ya mteremko, dakika tano hadi kumi, kisha panda kidogo, tena na tena. Ukianza juu, maji yatapita kila mahali na hutajua ni wapi pameingiza. Tone la kwanza likionekana, umepata mstari wako. Pima umbali kutoka ukutani, ndani na nje, uweke alama.

Kabla ya kupanda, tafadhali soma hapa

Kuvuja hakuui haraka. Kuanguka kunaua. Usipande peke yako, usipande paa likiwa limelowa, na panda asubuhi mapema kabla bati halijawa kikaango. Ngazi iweke hivi: kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani. Vaa viatu vya raba. Kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, maana chini yake pana papi. Katikati ya papi hakuna kitu ila hewa. Ukiweza, laza ubao mpana unaolalia papi mbili au tatu ukae juu yake.

Angalia waya wa umeme unaoingia nyumbani. Kuzima swichi kubwa kunakata umeme wa ndani, lakini waya unaotoka nguzoni hadi kwenye mita unabaki na umeme. Kama umegusa bati au ganda lake limechubuka, acha kila kitu uite shirika la umeme.

Na kama paa lako si la chuma bali ni vigae vinene vya kijivu vya asbesto, kama vilivyo kwenye majengo mengi ya zamani, usivisugue, usivitoboe, usivikate. Vumbi lake lina nyuzi zinazosababisha saratani ya mapafu. Hiyo si kazi ya kujifanyia mwenyewe.

Kazi yenyewe, kuanzia ya bei rahisi

1. Fagia. Ondoa majani, mchanga na mawe yaliyowekwa kuzuia upepo. Safisha gata. Nyumba nyingine zingepona hapahapa.

2. Misumari. Ipitie yote. Iliyojing'oa usiipigilie tena kwenye tundu lilelile, kwa sababu mbao pale imeshalegea. Ing'oe, weka skrubu ya paa iliyo nene kidogo kuliko msumari, yenye mpira wa EPDM, aina inayovumilia jua. Skrubu ina nyuzi zinazoshika mbao, haijing'oi kirahisi. Kaza mpaka mpira ubonyee kidogo, basi. Ukiukaza hadi utoke nje pembeni, umeupasua. Msumari au skrubu ikae kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde, maana bonde ndiyo barabara ya maji. Matundu ya zamani yaliyoko bondeni yazibe kama ya kutu, hatua ya nne.

3. Mpishano na kofia. Legeza misumari ya mpishano, inua bati la juu kidogo, futa vumbi lote, kisha weka mstari wa gundi laini au utepe wa butili upande wote wa upana, pale misumari itakapopita. Rudisha na kaza. Gundi iliyopakwa kwa nje tu kwenye mdomo wa mpishano inapigwa na jua moja kwa moja. Ile ya ndani iko kivulini, na kivuli ndiyo maisha yake.

4. Matundu ya kutu. Sugua kwa brashi ya waya hadi uone chuma, paka msasa, osha, acha pakauke kabisa. Paka praima ya zinki. Kisha paka koti la rangi ya mpira ya kuzuia maji, lalisha kitambaa cha poliesta kikiwa kimepita ukingo wa tundu kwa sentimita 5 kila upande, gandamiza mapovu yatoke, paka koti la pili juu yake na la tatu likikauka. Kitambaa kina sababu: kinausambaza mvutano wa bati kwenye eneo pana, ili usiishie kwenye mstari mmoja mwembamba. Tundu likizidi upana wa kiganja, achana na rangi. Kata kipande cha bati la mikunjo ileile, na ukingo wake wa juu upenye chini ya bati la juu. Magamba ya samaki, unakumbuka? Kiraka ambacho ukingo wake wa juu uko wazi ni mdomo unaosubiri maji.

5. Koti jeupe. Hela ikibaki, paka paa zima rangi nyeupe ya kuakisi jua. Bati likibaki na nyuzi 45 badala ya 60, kutanuka kwake kunapungua kutoka milimita 1.44 hadi 0.9 kwenye mfano wetu wa mita 3. Umeishughulikia sababu yenyewe, na ndani mtalala vizuri zaidi.

Kopo lipi, dukani?

Usiulize "hii inazuia maji?" maana zote zitajibiwa ndiyo. Uliza mambo matatu.

Inavutika? Kopo zuri huandika asilimia ya kuvutika kabla ya kukatika. Ya mamia ya asilimia inafaa. Isiyoandikwa kabisa, iache.

Inavumilia jua? Kitu cha kutumia bafuni hakijatengenezwa kwa ajili ya paa.

Inaelewana na bati? Hapa kuna mtego wa silikoni. Silikoni ya bei rahisi ikikauka hutoa harufu ya siki, na hiyo kweli ni asidi ya siki, ambayo inakula zinki. Nunua ile isiyo na harufu hiyo, iliyoandikwa inafaa kwa metali.

Rangi za akriliki zinafaa sana kwenye mteremko, ila hazipendi maji yaliyotuama. Na kama unakinga maji ya mvua kwa kunywa, soma kopo uone kama limeruhusiwa kwa paa la maji ya kunywa. Lami haifai hapo.

Pa kuishia

Chukua bisibisi, dunga papi na kenchi zilizolowa. Ikizama kama kwenye boga, mbao imeoza au mchwa ameingia. Hilo ni suala la paa kushuka, gundi haina kazi pale. Ita fundi wa mbao. Vilevile kama kutu imetoboa mabati mengi, bei ya makopo itakaribia bei ya mabati mapya. Na kama paa limelazwa chini mno, fundi mwaminifu atakuambia lazima linyanyuliwe.

Kazi ifanye wakati wa ukavu, Januari na Februari kabla ya masika, au Juni hadi Septemba kabla ya vuli. Ukimaliza, usilisubiri wingu likupe majibu. Acha kiraka kipigwe na jua mwezi mzima, kisha panda asubuhi mapema bati likiwa limesinyaa, ukitazame ukingoni na kukikwangua kwa kucha. Kama hakijapasuka na hakijabanduka, mtihani mgumu kimeshaufaulu. Mvua itakuwa marudio tu.